Ushuhuda Niliokuandikia

Kambu, Jumanne jioni

Mwaitu,

Nakuita hivi kwa sababu ulipewa jina la mama yangu, na tangu uzaliwe sijaweza kukuita Mumbua bila kuhisi nimemkosea adabu mzazi. Wageni wasiojua desturi zetu sisi Wakamba hushangaa kumsikia mzee wa mvi akimwita binti yake mama. Wewe hukushangaa. Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa ukinijibu, "Unasemaje, mtoto wangu?" na susu yako, bibi yako mwenye jina, alicheka mpaka akashika ubavu.

Mambo ya blanketi, sufuria na karo ya chuo mama yako ameyaandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Sitayarudia. Barua hii nitakupa mkononi kesho asubuhi, na nakuomba usiifungue mpaka ufike Kabati kwa shangazi yako. Nataka uisome mahali ambapo uso wangu haupo. Tangu utoto umenitii kwa kunitazama usoni kwanza, ukajua ninachotaka hata kabla sijakisema. Safari hii utii huo ndio ninaouogopa.

Jambo lenyewe ni hili. Wakili wetu, Bi. Ndinda, alinipigia simu Ijumaa iliyopita kutoka Makindu. Kampuni ya bima ya mwenye ile tipa, lile lori la mchanga lililokugonga, iko tayari kulipa fidia ya mguu wako, yote iliyoombwa, bila kubishana. Ina sharti moja. Uondoe sehemu ya pili ya madai, ile inayosema kwamba ajali ilikuumiza na akili pia, kwamba hulali, kwamba huwezi kusimama karibu na barabara, kwamba daktari wa Kitui aliipa hali hiyo jina la kiwewe na kusema inahitaji matibabu ya muda mrefu. Ukitia sahihi, kesi inafungwa na haifunguliwi tena. Wanataka jibu Ijumaa hii.

Nilimwambia tunakubali. Wewe ulikuwa nje ukianua nguo, hatua ishirini kutoka niliposimama, na sikukuita.

Ulipokuwa na miaka kumi na saba mahakama iliniandika mimi kama mtu wa kukushtakia kwa niaba yako, kwa kuwa mtoto hafungui kesi. Ulipotimiza kumi na minane, kesi ikawa yako. Bi. Ndinda alinikumbusha hivyo kwa upole. "Mwalimu, nashukuru, lakini sasa ni sahihi yake ndiyo nahitaji. Umemwuliza?" Nikasema nitakuuliza. Siku nne nimekaa nawe mezani, nimekupitishia chumvi, na sikuuliza.

Utataka kujua kwa nini wanathubutu kutoa sharti kama hilo wakati ripoti ya daktari iko mahakamani. Ni kwa sababu wana video. Ni ile ya ibada ya shukrani. Mtu wa kwaya aliirekodi kwa simu, ikawekwa kwenye ukurasa wa kanisa, na wakili wao akaipata huko. Inakuonyesha ukiwa kwenye magongo, wiki tano baada ya ajali, ukisema mbele ya watu mia mbili kwamba huna hofu, huna maumivu, umepona kabisa. Ukikataa sharti lao, video hiyo itachezwa mahakamani, na utaulizwa kama ulidanganya kanisani au unadanganya kizimbani. Bi. Ndinda aliniuliza ungejibu nini. Nikamwambia nitampigia tena.

Mimi ndiye niliyeandika maneno yale. Wewe unajua. Mama yako anajua. Mpaka wiki hii hakukuwa na mwingine aliyejua, na sisi watatu hatujawahi kulitaja jambo hilo tangu siku ile.

Sitakusimulia ajali, wewe uliyekuwepo. Ninayoijua ni sehemu yake ya nje. Musyoka alikuwa amekubeba kutoka shule kwa pikipiki yake, kama alivyokubeba tangu darasa la nne, na tipa ya mchanga ikakata kona kuingia njia ya mtoni bila kuwasha taa, ikawagonga na kumwaga mzigo. Nilipofika, mchanga ulikuwa umekufunika mpaka kiunoni. Musyoka alikuwa ubavuni pako, amekwisha kufa. Wewe ulikuwa ukitaja nambari. Nilidhani ni kuchanganyikiwa, nikakuambia unyamaze, upumzike.

Kwetu mtu akiponea ajali hawezi kukaa kimya. Lazima asimame mbele ya kanisa, familia ilete chai na mandazi, kwaya iimbe, na aliyeponea aseme alivyoponea. Mimi ni mzee wa kanisa. Watu walikuwa wamekuja hospitalini, wamechanga, wamekesha wakiomba. Wiki ya tatu wakaanza kuniuliza shukrani ni lini. Hawakuwa na ubaya. Nikapanga siku, nikakuambia uandike utakachosema.

Uliandika ukurasa mmoja na nusu. Ulinipa jioni, ukiwa umelaza mguu wenye plasta juu ya kiti. Nikauchukua kama nilivyochukua insha elfu nyingi katika maisha yangu, nikatafuta kalamu nyekundu.

Karatasi hiyo ninayo. Ninanakili hapa nilichokata, si kwamba umekisahau, ila nataka mkono wangu ukiandike angalau mara moja:

"Musyoka aliniambia nisifunge macho. Alisema nimhesabie magari yanayopita barabarani, kila moja nimwambie. Nilipofika kumi na tisa alikuwa bado anajibu. Ishirini hakujibu. Niliendelea kuhesabu kwa sababu hakuniambia niache."

Nilipiga mstari juu ya hayo yote. Pembeni nikaandika: Haihusiki. Fupisha. Malizia kwa shukrani. Kisha nikaona hutaweza kumalizia vizuri, nikakuandikia mwisho mimi mwenyewe, ule ulio kwenye video.

Uliniuliza jambo moja tu. "Baba, na kama bado naogopa?" Nikakujibu kwamba imani ni kusema kabla hujaona. Nilijivunia jibu hilo siku nzima.

Mama yako alikuwa jikoni akisikiliza. Usiku ule aliniambia, "Mwalimu, umemfundisha huyu mtoto kusoma. Sasa unamfundisha nini?" Nikamwambia asichanganye mambo. Ni yeye, si mimi, aliyekwenda baadaye kwa Bi. Ndinda na kumweleza kwamba hulali. Mimi nilikuwa nimemweleza habari za mguu peke yake. Na tulipotumwa kwa daktari wa akili, unakumbuka nilikupeleka mpaka Kitui, na kanisani nikasema tunakwenda kumwona shangazi yako Kabati. Tulipita kwa shangazi kweli, tukanywa chai robo saa, ili nisiwe mwongo.

Nimejaribu kujua nilijifunza wapi haya. Nimesoma vitabu vingi, na vingi vinataka kumpa mtu sababu ya alichofanya. Sikupi sababu ili unisamehe. Nakupa kwa kuwa ulipewa jina la mtu aliyenifundisha, na ni haki yako kujua.

Unajua kwamba baba na mama yangu walitoka Kabati wakaja kulima kwenye vilima vilivyo juu ya Kambu, na kwamba serikali ilitutoa huko. Hivyo ndivyo tunavyosema nyumbani, tulitolewa, kana kwamba ni jino. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimekuja likizo kutoka chuo cha ualimu. Askari walifika saa mbili asubuhi, wakati uji ungali motoni. Walianza na maghala, kisha nyumba. Baba yangu alipiga magoti mbele ya kijana wa umri wangu, akamwomba ampe nafasi atoe mbegu tu, si kitu kingine. Kijana yule hakumpiga wala hakumtukana. Alimzunguka kama mtu anavyozunguka jiwe, akaenda kuwasha paa.

Jumapili ile tulikuwa kando ya barabara hapa Kambu, chini ya turubai. Watu wakakusanyika, na mama yangu akasimama akatoa shukrani. Alisema hatukupoteza mtu hata mmoja. Ilikuwa kweli. Watu wakalia, wakaimba, na baada ya hapo hakuna aliyezungumzia tena jambo lile, maana lilikuwa limeshukuriwa. Baba aliishi miaka tisa zaidi. Sikumsikia akitaja mbegu.

Nami nilifundisha miaka thelathini na minne, na kila mwaka kabla ya mvua, wakulima walipochoma mabua, niliacha darasa nikatoka. Nilikuwa nikisema ni tumbo. Nilipostaafu niliona faili langu, na mwalimu mkuu mmoja alikuwa ameandika kwamba mimi ni mwalimu hodari mwenye tumbo bovu. Nilicheka, kisha nikakaa nalo lile faili kwa muda mrefu. Mama yako nimemwambia ukweli juzi. Tumeoana miaka ishirini na saba. Aliniambia alikuwa akinichemshia majani ya mpera bure.

Kwa hiyo nilipokuona huwezi kula gari likifunga breki barabarani, nilijua ninachokiona. Hilo ndilo nataka ulielewe, mwaitu. Mtu asiyejua angesamehewa. Nilipoleta mchanga wa kujengea tangi, nawe ukajifungia jikoni siku mbili, nilijua. Nilipokukuta nyuma ya nyumba ukihesabu magari kwa kunong'ona, nilijua, na nikakutuma dukani ili uache. Niliona ndani yako kitu changu mwenyewe, nikafanya nilichofanyiwa.

Jana nilikwenda kwa mchungaji. Nilimwambia huenda nikahitajika kuandika taarifa ya kiapo kwamba ushuhuda ule haukuwa wako. Ni mtu mwema, unamjua. Alinikaribisha kiti, kisha akasema, "Mzee, kuna watu waliookoka siku ile kwa sababu ya huyu msichana. Hao utawaambia nini?" Akaniomba nifikirie jina la kanisa. Nikamwambia nimelifikiria miaka miwili, ni zamu ya kufikiria jina la mtoto. Aliniombea kabla sijatoka, na sauti yake haikuwa na hasira, ila hakunisindikiza mpaka langoni kama kawaida yake.

Kutoka hapo nilipita kwa Nduku, mjane wa Musyoka. Sikuwa nimepanga. Siku ya ibada yeye alikuwa amekaa safu ya tatu, miezi miwili haijaisha tangu azike, nasi tukamfanya asikilize jinsi Mungu alivyokuokoa wewe. Nilikwenda kumwomba msamaha kwa hilo peke yake. Alikuwa akipepeta ndengu. Alinisikiliza bila kuacha kazi, akasema yamepita. Nikamweleza kwamba ushuhuda niliuandika mimi, na kwamba ulichoandika wewe kilikuwa kingine, kilikuwa na habari za Musyoka ndani yake.

Ungo ukasimama.

"Kwa hivyo kuna kitu alisema," aliniambia. "Mwalimu, polisi waliniambia alikufa papo hapo."

Sikujua waliwahi kumwambia hivyo. Aliniuliza alisema nini. Nilikuwa na maneno yale kichwani, yote, na herufi zake. Nikamwambia si yangu kuyatoa, wewe ndiwe uliyeyasikia. Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Kisha akasema pole pole, "Basi mwambie Mumbua simharakishi. Lakini mwambie niko."

Nimekuambia.

Sasa turudi kwenye Ijumaa, maana nataka uone njia zote mbili kama zilivyo, bila mimi kupaka rangi upande wowote.

Ukitia sahihi, fidia ya mguu italipwa. Inatosha masomo yako yote ya upimaji ardhi na kitu kidogo cha kuanzia. Hutasimama kizimbani, video haitachezwa, na hakuna mtu wa Kambu atakayejua zaidi ya anachojua leo. Matibabu ya akili hayatalipiwa, na hutaweza kurudi kuyadai hata hali ikizidi. Hilo si jambo la aibu. Watu wengi wenye busara wangetia sahihi, na Bi. Ndinda aliniambia hivyo hivyo.

Ukikataa, kesi itasikizwa Makindu, labda baada ya miezi, labda mwaka. Utaulizwa maswali magumu na mtu anayelipwa kukuuliza. Bi. Ndinda anasema unaweza kushinda, na unaweza kupata pungufu ya ulichokataa. Nami nitakuwa shahidi wako. Nitasema kwa kiapo kwamba mlalamikaji alikuwa mtoto, alikuwa na hofu, aliniambia ana hofu, nami nikamwandikia kwamba hana. Nitatoa ile karatasi yenye mwandiko wako na wino wangu. Bi. Ndinda, niliyempigia tena nikamkiria yote, anasema hakimu akiiona, video inabaki kuwa picha ya mtoto anayesoma alichoandikiwa na baba yake. Lakini akiiona hakimu, na wao wataiona. Wakili wa bima atayasoma kwa sauti maneno ya Musyoka kabla hujaamua kama ungependa yasomwe. Kwa sababu hiyo sijampa Bi. Ndinda. Haijatoka nyumbani.

Najua utakachofanya ukifika hapa. Utarudi juu kutafuta ni wapi nimeonyesha ninachopenda. Nimeisoma barua hii mara mbili nikitafuta mahali hapo ili nipaondoe. Kama pamebaki, nisamehe, wala usipafuate. Mama yako pia nimemwomba asikuambie lake. Alisema, "Mimi sikuwahi kuulizwa, kwa hivyo kunyamaza si kazi ngumu." Nilistahili.

Kuna jambo moja ambalo halingoji Ijumaa. Kukataa au kukubali, yule daktari wa Kitui utamwona. Ukitia sahihi, nitauza ng'ombe wawili, nimekwisha kuzungumza na mnunuzi. Usiniandikie kunizuia. Ng'ombe ni wangu, na katika barua nzima hili tu ndilo nililoamua mimi.

Mimi nimeishi Kambu zaidi ya miaka thelathini, na nikiulizwa kwetu ni wapi bado nasema Kabati. Nikiwa Kabati wananiita mtu wa Kambu. Nimezoea kuwa mgeni pande zote mbili. Lakini kuna ugeni mwingine nilikupa wewe, wa kusimama mbele ya watu na kusikia sauti yako ikisema maneno ya mtu mwingine, na watu wakapiga makofi. Nilikuona ukiangalia makofi yale. Ulikuwa umeshika magongo, na ulinitazama usoni, kama kawaida, kujua kama umefanya vizuri. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Ile karatasi nimeikunja ndani ya barua hii. Ni yenyewe, si nakala. Sina nyingine. Ukitaka iende mahakamani, mpe shangazi yako ailete. Ukitaka kumsomea Nduku na mtu mwingine asiione kamwe, fanya hivyo. Ukitaka kuichoma, basi. Nimefuta wino mwekundu kwa kadiri ulivyofutika, kisha nikaona ninaharibu ushahidi, nikaacha.

Ijumaa Bi. Ndinda atangoja mpaka saa kumi. Nambari yake iko nyuma ya barua hii, unaweza kumpigia moja kwa moja bila kupitia kwangu, na hapo nitajua kutoka kwake. Ukitaka kunipigia mimi, nipigie saa yoyote. Nitapokea, nitataja jina lako, na sitasema neno lingine mpaka umalize.

Ni mimi, mtoto wako, na baba yako.